Kopo la usingizi kutoka Marekani: melatonini inafanya nini hasa?

Kopo lenyewe ni la plastiki, rangi ya zambarau, limechorwa mwezi na nyota tatu. Ukilifungua linanukia stroberi. Ndani mna pipi laini za jeli, zimenyunyiziwa kitu kama sukari. Binti wa shangazi yangu, ambaye ni nesi huko Minneapolis, alimletea mama yake alipokuja likizo Tanga mwezi Desemba, maana alishachoka kusikia kwenye simu kila Jumapili: "Mwanangu, sijalala." Lebo inasema kila pipi ina miligramu 10 za melatonini. Maelekezo yalikuwa mafupi: tafuna moja kabla ya kulala.

Wiki ya kwanza shangazi alifuata. Wiki ya pili akabuni utaratibu wake. Analala saa tatu kama kawaida yake, akishtuka saa tisa usiku anatia pipi moja kinywani, na usingizi ukichelewa anaongeza ya pili. Saa mbili asubuhi nikamkuta ukumbini anasinzia juu ya ungo wa mchele anaouchambua, kidole bado kimeshika chuya. "Dawa hii nzuri," akaniambia, "ila inachelewa kufanya kazi."

Nikapiga picha kopo, nikaitupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Majibu hayakukawia. Mmoja akasema hiyo ni vitamini tu, haina neno. Mwingine akasema ni dawa ya usingizi kama Valium, ukiizoea huiachi. Binamu mmoja akauliza kama ndiyo ile ya ngozi, isije ikamgeuza shangazi mweupe. Mjomba aliyeko Muscat akamaliza kwa kusema yeye anakunywa tatu kwa mpigo na yuko salama. Wote wanne wamekosea, na ukifuatilia makosa yao moja moja unaielewa melatonini vizuri kuliko ukisoma lebo.

Tuanze na jina, kwa sababu binamu hakubahatisha sana. Melatonini ni homoni, yaani kemikali ambayo mwili unaitengeneza wenyewe na kuipeleka kwenye damu ili ibebe ujumbe kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Hutengenezwa na tezi ya pineali, iliyo katikati ya ubongo, ndogo karibu kama punje ya mchele. Melanini ni kitu kingine kabisa, ndiyo rangi ya ngozi na nywele zetu. Majina yanafanana kwa sababu ya historia. Tangu mwaka 1917 watafiti walikuwa wanajua kwamba ute wa tezi hiyo ya ng'ombe unafanya ngozi ya viluwiluwi kuwa nyeupe. Daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, Aaron Lerner, akafikiri huenda humo mna tiba ya maradhi ya ngozi kama mbalanga, yale mabaka meupe. Yeye na wenzake wakakusanya tezi za ng'ombe kutoka machinjioni, maelfu kwa maelfu, na mwaka 1958 wakafanikiwa kuichuja kemikali yenyewe. Ngozi ya chura iling'aa. Ya binadamu haikubadilika hata kidogo. Watu waliodungwa walichosikia ni kusinzia kidogo. Mbalanga ikabaki bila tiba, jina likabaki na harufu ya ngozi. Kwa hiyo mkorogo haumo katika kopo la shangazi.

Sasa kazi yake. Wanaosema melatonini "inaleta usingizi" wameruka hatua moja, na hatua hiyo ndiyo yenye siri yote.

Nyuma ya macho, mahali mishipa ya macho miwili inapopishana, kuna kifungu kidogo cha seli zipatazo 20,000. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Inapanga lini joto la mwili lishuke, lini njaa iume, lini uamke. Lakini ni saa yenye kasoro ndogo: kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika kadhaa. Ni kama ile saa ya ukutani inayochelewa kidogo kila siku, ambayo babu alikuwa anairekebisha akisikia mlio wa saa kamili redioni. Saa ya ubongo hurekebishwa na mwanga. Ndani ya jicho kuna seli maalumu ambazo kazi yake si kuona picha, ni kupima tu kama nje kuna mwanga au giza, na zinashtuliwa zaidi na mwanga wa buluu, ule wa anga la mchana. Zikiona mwanga zinaiambia saa ni mchana. Giza likiingia, saa inairuhusu tezi ya pineali ianze kumwaga melatonini. Kiwango huanza kupanda saa mbili hivi kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala, hufika kilele usiku wa manane, hushuka kuelekea alfajiri.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hili halipaswi kutupa shida. Saa zetu zinaanza upya jua linapochomoza na zinaanza upya linapozama. Ubongo nao unataka kujua jambo hilohilo: kumekucha au kumekuchwa?

Melatonini basi ni mpiga mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini pembe yenyewe haichimbi mtaro wala haijengi daraja. Inatangaza tu, na wenye kazi ndio wanaotoka majumbani. Melatonini inapita katika damu ikitangaza kwamba usiku umeingia. Wanyama wa usiku, panya kwa mfano, nao hutoa melatonini gizani, na wao huo ndio muda wa kuhangaika jikoni kwako. Ingekuwa melatonini ndiyo usingizi, panya wangelala.

Usingizi wenyewe unatokana na kitu kingine kinachofanya kazi sambamba na mbiu. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalovuja. Kadiri unavyokaa macho ndivyo ndoo inavyojaa, na ikijaa kope zinakuwa nzito. Ukilala inamwagwa. Kafeini haiteki hata kikombe kimoja kutoka kwenye ndoo hiyo, inaifunika tu usione imejaa, na inachukua kama saa tano hivi kwa nusu yake kuondoka mwilini. Ndiyo maana aliyekunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu kijiweni baada ya magharibi anaweza kujilaza saa tano, taa zimezimwa, mbiu inalia kweli kweli, na bado anahesabu mabati ya paa. Vivyo hivyo aliyelala mchana saa tatu nzima: ndoo yake ni tupu. Hakuna pembe itakayoijaza.

Na mbiu nayo tunaizima wenyewe. Utafiti wa maabara umeonyesha kwamba hata mwanga wa kawaida wa taa za sebuleni unaweza kuichelewesha na kuipunguza melatonini jioni. Umewahi kuona umeme ukikatika saa moja usiku na kibatari kikawashwa, jinsi nyumba nzima inavyoanza kupiga miayo saa tatu haijafika? Hapo hakuna muujiza. Tezi imeachwa ifanye kazi yake.

Ila tusije tukageuza giza la zamani kuwa pepo. Watafiti waliowafuatilia Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, pamoja na jamii za Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu waliokuwa wanaishi bila umeme, walichapisha matokeo yao mwaka 2015, na matokeo hayo yaliwashangaza wengi. Watu hawa hawalali jua linapozama. Kwa wastani walilala saa tatu na ushee baada ya machweo, na usingizi wao halisi ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, si nane wala tisa. Kilichokuwa haba kwao ni malalamiko ya kukosa usingizi. Naiona habari hiyo kuwa ya faraja kwa wazee wetu wanaolala kwa muda wa saa sita tu na kudhani wanaumwa.

Haya, pipi ya jeli inaongeza nini juu ya hayo yote? Mwaka 2013 wataalamu walikusanya majaribio 19 yaliyohusisha watu zaidi ya 1,600 wenye matatizo ya usingizi na kulinganisha waliopewa melatonini na waliopewa kidonge kisicho na kitu. Waliokunywa melatonini waliwahi kusinzia kwa dakika saba hivi, na walilala jumla ya dakika nane zaidi. Dakika saba! Kwa mtu anayegaagaa hadi saa nane usiku, hicho ni kipimo cha kuchemsha chai. Mwaka 2017 chama cha Marekani cha madaktari wa tiba ya usingizi kilitoa mwongozo unaopendekeza melatonini isitumike kutibu ukosefu wa usingizi wa muda mrefu kwa watu wazima, ingawa wenyewe walikiri ushahidi ni dhaifu.

Ukifikiria mambo ya mbiu, hili halishangazi. Kama mwili wako unapiga mbiu yake vizuri na kinachokukosesha usingizi ni ada za shule, maumivu ya goti au mtoto anayekohoa, mpiga mbiu wa pili hana jipya la kutangaza.

Anakuwa na maana pale ambapo saa yenyewe imepotea. Mfano ulio wazi kuliko yote ni vipofu ambao macho yao hayapokei mwanga hata chembe. Wengi wao hawana cha kurekebishia saa, hivyo inateleza kila siku dakika kadhaa. Wiki hii analala usiku vizuri, wiki zijazo usingizi unamjia asubuhi, baadaye adhuhuri, mpaka unazunguka na kurudi usiku. Ndugu wanamwona mvivu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba melatonini ikitolewa kila usiku kwa saa ileile inaweza kuikamata saa hiyo na kuifunga kwenye saa 24. Hapo mbiu inafanya kazi ambayo jua lilishindwa.

Wa pili ni msafiri. Dada yangu huyo wa Minneapolis akitua Tanzania katikati ya Desemba, saa ya ukutani iko mbele ya saa ya ubongo wake kwa saa tisa. Sisi tunakula chakula cha usiku, mwili wake unajua ni asubuhi. Kwa safari zinazokatisha kanda tano za saa au zaidi, hasa za kuelekea mashariki, melatonini ya miligramu 0.5 hadi 5 inayonywewa wakati wa kulala wa kule unakofika inasaidia kweli, kwa siku chache za mwanzo. Wapo pia vijana ambao saa zao zimesogea mbele sana, hawawezi kulala kabla ya saa nane au tisa usiku hata wakijaribu. Hao daktari anaweza kuwapa kiasi kidogo saa kadhaa kabla ya muda wao wa kulala, ili kuirudisha saa nyuma taratibu. Kwa wafanyakazi wa zamu ya usiku, kama dada mwenyewe, ushahidi si imara: huenda wakaongeza kama dakika 24 za usingizi wa mchana, huenda wasiongeze.

Na hapa ndipo kosa la shangazi la saa tisa usiku linapoonekana. Saa hiyo melatonini yake ya asili ilikuwa imeshapita kileleni, mwili unajiandaa na alfajiri. Pipi ikaja kupuliza pembe: jamani, usiku bado! Usingizi ukamfuata mpaka kwenye ungo wa mchele. Isitoshe, melatonini inayoingia karibu na asubuhi huweza kuisukuma saa ya mwili ichelewe zaidi kesho yake.

Mjomba wa Muscat naye na pipi zake tatu. Vipimo vya damu vimeonyesha kwamba miligramu 0.3 tu inatosha kuifikisha melatonini kwenye kiwango cha usiku wa kawaida. Pipi moja ya miligramu 10 ni zaidi ya mara 30 ya hapo. Akitafuna tatu, tunaongea habari ya mara 100. Hafi, hilo ni kweli, lakini kupuliza pembe mara 100 kwa nguvu hakuufanyi usiku uwe mweusi zaidi. Anachoweza kupata ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu na uzito asubuhi, na mjomba anaendesha gari.

Tena hiyo miligramu 10 ni ya lebo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, melatonini inauzwa kama kirutubisho, rafu moja na vitamini, na mtengenezaji halazimiki kuthibitisha chochote serikalini kabla ya kuiuza. Uingereza huipati bila cheti cha daktari. Katika Umoja wa Ulaya, kidonge cha miligramu 2 kinachoyeyuka polepole kiliidhinishwa mwaka 2007 kama dawa kwa watu wa miaka 55 na zaidi. Kitu kilekile, nchi moja pipi, nchi nyingine dawa. Watafiti wa Kanada walipopima bidhaa 31 mwaka 2017, walikuta zilizokuwa pungufu kwa asilimia 83 ya kilichoandikwa na nyingine zilizozidi kwa asilimia 478. Nane kati yake zilikuwa na serotonini, kemikali ambayo haikuandikwa popote. Mwaka 2023 zikapimwa pipi za jeli 25 zinazouzwa Marekani. Ni tatu tu zilizokuwa karibu na lebo zao, na moja haikuwa na melatonini kabisa.

Kuhusu watoto sitazunguka. Pipi yenye ladha ya stroberi juu ya meza ya chumbani ni pipi, mtoto hasomi lebo. Vituo vya sumu vya Marekani vilipokea taarifa 8,337 za watoto waliomeza melatonini mwaka 2012. Mwaka 2021 zilikuwa 52,563. Wengi hawakudhurika, lakini wapo waliolazwa, na wachache walifariki. Kopo la shangazi nilikuta liko kwenye dirisha, kimo cha mjukuu.

Na aliyesema haiachiki? Huyo aliichanganya na jamii ya Valium, ambazo kweli zinautuliza ubongo kwa nguvu, mwili unazizoea na kuziacha ghafla ni hatari. Melatonini haijaonekana kuleta utegemezi wa aina hiyo. Kinachozoeleka ni tabia: mtu anaamini hawezi kulala bila kopo. Piriton nayo, ambayo nusu ya mtaa wetu wanaimeza wapate kusinzia, ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni, na kwa wazee inaleta ukavu wa kinywa, kuchanganyikiwa na kuanguka wakienda msalani. Kuhusu "ya asili, haina madhara", insulini nayo ni homoni ya asili, na hakuna anayeitafuna kama jojo.

Kuna watu wanaopaswa kuuliza kabla: wajawazito na wanaonyonyesha, wenye kifafa, wanaotumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, wanaotumia fluvoxamine ya sonona, kwani hiyo huipandisha melatonini damuni kwa kiasi kikubwa, na wanaotumia dawa za presha. Kwa baadhi ya waliokuwa wanatumia nifedipine, melatonini iliinua presha badala ya kuiacha ilivyo. Na anayekoroma kwa nguvu huku akikata pumzi katikati, hana haja ya mbiu, ana haja ya kupimwa njia ya hewa.

Shangazi yuko kwenye hilo kundi la presha. Nikamwambia, "Shangazi, twende tukamwone daktari, na hilo kopo tulibebe, pamoja na dawa zako zote." Akaguna, ila akazifunga kwenye kitambaa.

Daktari hakulishangaa kopo. Alilisoma, akaliweka pembeni, akauliza swali ambalo sisi sote, na binti nesi tukimjumlisha, hatukuliuliza: "Bibi, ukishtuka hiyo saa tisa, kitu cha kwanza unachofanya ni kipi?"

"Nakwenda haja ndogo."

"Na hiki kidonge cheupe unakunywa saa ngapi?"

Kidonge cheupe ni dawa ya presha ya jamii inayotoa maji mwilini kwa mkojo. Shangazi alikuwa anaimeza baada ya swala ya isha, kwa sababu ndiyo saa anayokumbuka. Daktari akampima sukari, ikawa sawa, akamhamishia kidonge hicho asubuhi, baada ya uji. Akamwambia pia apunguze kulala mchana, aamke saa ileile kila siku hata akiwa hakulala vizuri, na akishtuka usiku usingizi ukagoma, atoke kitandani akae mahali penye mwanga hafifu mpaka ausikie tena. Mambo haya, yakifanywa kwa mpango na mtaalamu kwa wiki kadhaa, ndiyo tiba ambayo tangu 2016 chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kinapendekeza ianze kabla ya dawa yoyote kwa mtu mzima mwenye ukosefu wa usingizi wa muda mrefu. Hayauzwi kwenye kopo, labda ndiyo maana hayana tangazo.

Wiki tatu baadaye nikampigia simu. Anaamka mara moja, siku nyingine haamki. Kopo amelipandisha juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika. Anamsubiri mwenyewe aje alichukue, maana huko kwao, anasema, ndiko usiku unakopotea.